AFYA YA NYUMBANI: Utelezi wa Mtungi na Mpira wa Mgonjwa

Tia mkono katika mtungi uliokaa na maji siku nyingi bila kusuguliwa. Waona utelezi? Huo ni mji wa vijidudu. Wameshika ukuta wa mtungi, wakatoa ute, wakajifunika. Ukimwaga maji tu, hawatoki, sharti usugue.

Basi, jambo hilohilo hutokea katika mpira wa mkojo ambao daktari humwekea mzee asiyeweza kukojoa. Siku zikipita, vijidudu hujenga utando ndani yake. Mzee hushikwa na homa, hupewa dawa, homa hupoa, kisha hurudi. Watu husema, “Dawa za siku hizi hazina nguvu.” Sivyo. Dawa huwaua walio nje. Waliojificha katika ute huweza kustahimili dawa hata mara 1000 kuliko wale wanaoelea peke yao. Nao mpira hausuguliwi kama mtungi!

Ndiyo sababu wataalamu wamejaribu umeme. Mwaka 1992 J. William Costerton na wenzake, huko Kanada, walionyesha kwamba umeme hafifu ukipitishwa pamoja na dawa, dawa huua vijidudu wa utando vizuri zaidi. Mwaka 2009 wataalamu wa Mayo Clinic, Marekani, walionyesha kwamba umeme mdogo, ukipita mfululizo hata siku 7, huwapunguza sana bila dawa yoyote. Sababu moja ni hii: umeme ukipita katika maji ya chumvi huzaa klorini, nayo huwachoma vijidudu.

Lakini angalia! Majaribio hayo yalifanywa katika vyombo vya maabara, si mwilini mwa mtu. Asitokee mtu akafunga betri ya redio kwenye mpira wa babu yake. Atamwumiza bure.

Wewe fanya haya. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mpira. Mfuko wa mkojo ukae chini ya kiuno cha mgonjwa, lakini usiguse sakafu. Usiuchomoe mpira ovyo. Akitetemeka kwa homa, au mkojo ukikoma kutoka, mpeleke hospitali upesi. Tena, mwulize mwuguzi bila haya: “Mpira huu utabadilishwa au kutolewa lini?” Swali hilo dogo laweza kumwokoa mzee wako.