Kabla ya nyasi bandia, udongo kwanza

WATOTO wa Kariakoo, Gerezani, Ilala na Magomeni hawana shida ya kipaji. Shida yao ni pa kuchezea. Maghorofa na fremu za maduka zimekula sehemu za wazi, na anapotokea mhisani wa kuwajengea uwanja mdogo, kipande kinachobaki mara nyingi ni kile ambacho hakuna aliyekitaka: mteremko wa kushukia bondeni, udongo wa mfinyanzi, na maji ya mvua yakipita katikati.

Uwanja unajengeka hata hapo. Ila ni lazima lisemwe mapema, kabla ya utepe kukatwa: pesa ya kwanza iende ardhini, siyo kwenye nyasi.

Somo kubwa liko pale pale Jangwani. Yanga, klabu ya tangu mwaka 1935, ina makao yake mitaa ya Twiga na Jangwani, na hapo hapo uko Uwanja wa Kaunda. Maji ya Bonde la Msimbazi yaliushinda uwanja ule, Wananchi wakahamia kujifua Kigamboni, na mipango ya kuujenga upya imetangazwa zaidi ya mara moja. Jirani yake, kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Jangwani, nacho kimefurika mara kadhaa. Kama maji yameisumbua klabu yenye mashabiki nchi nzima, kamati ya mtaa yenye daftari la michango itapona vipi?

Juu kidogo kwenye mteremko, mto haufiki. Adui ni yule yule, anakuja kwa njia nyingine. Mfinyanzi ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Dar ina vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Maana yake ardhi inapanda na kushuka kila mwaka, na chochote kilicho juu yake kinafuata.

Chukua uwanja wa futsal wa mita 40 kwa 20. Kama ardhi inashuka sentimita 5 kwa kila mita ya upana, ukingo wa chini uko mita 1 nzima chini ya ule wa juu. Fundi wa haraka haraka anakata nusu mita juu, anamwaga chini, anapitisha greda, kisha anaita watu wa nyasi. Picha zinapendeza. Lakini nusu ya uwanja imekaa kwenye ardhi ya asili na nusu kwenye kifusi. Masika ikipita, upande wa kifusi unazama, na ufa unajichora katikati kutoka goli hadi goli. Hapo ndipo enka za watoto zinapovunjikia.

Kazi ya kweli haina siri. Tabaka la juu lenye mizizi na taka linaondolewa lote. Sehemu ya kujazwa inajazwa kwa moramu nzuri, siyo mfinyanzi uliochimbwa wala mabaki ya nyumba zilizobomolewa, na inashindiliwa tabaka kwa tabaka, kama sentimita 15 kila moja. Upande wa chini unajengwa ukuta wa kuzuia udongo wenye matundu ya kutolea maji, maana ukuta usiopumua husukumwa na maji mpaka ukaanguka. Upande wa juu unachimbwa mtaro wa kuyakamata maji kabla hayajaingia uwanjani. Kisha kitambaa cha kuchuja, mabomba yenye matundu na kokoto.

Kokoto za sentimita 15 kwenye uwanja huo ni mita za ujazo 120, zaidi kidogo ya tipa 17 za mita saba. Mwisho uwanja unapewa mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita. Mchezaji hausikii mguuni, ila maji yanajua njia. Na njia hiyo iishie kwenye mfereji wa mtaa, isiishie sebuleni kwa jirani wa chini.

Watasema hela haitoshi. Basi uwanja uwe mdogo, au nyasi zisubiri. Hakuna ubaya watoto wakicheza kwenye moramu iliyoshindiliwa msimu mmoja, masika ikapita juu yake, panapozama pakaonekana na kurekebishwa, ndipo nyasi zije. Kibaya ni kutandika zulia la mamilioni juu ya ardhi ambayo bado haijatulia.

Ratiba nayo ina neno lake. Kazi ya udongo ifanywe kiangazi, Juni hadi Septemba. Kushindilia mfinyanzi uliolowa ni sawa na kukanyaga uji. Tarehe ya mgeni rasmi isiwe ndiyo inayopanga lini greda liingie.

Kwamba inawezekana katikati ya jiji, hilo halina ubishi. Kidongo Chekundu, mahali ambapo jina lenyewe linataja udongo, pana kituo cha vijana cha JMK kilichofunguliwa mwaka 2015 kwa ushirikiano wa Symbion Power na Sunderland ya Uingereza, chenye viwanja vya nyasi bandia. Kimoja hakitoshi kwa watoto wote wa mjini.

Kwa hiyo halmashauri, wabunge, madiwani na wahisani wanaotaka jina katika soka la mitaani waulizwe maswali matatu kabla ya kupigiwa makofi. Udongo umepimwa na nani? Maji yataelekea wapi? Na nani atazibua mtaro mwaka wa tatu, kamera zikiwa zimeshaondoka? Asiye na majibu arudi na mhandisi kwanza. Nyasi zitamsubiri.