TALANTA SI SAUTI YAKO

Leo nitawakwaza wengine. Nivumilieni.

Neno la Kiingereza "talent" limetuharibia mahubiri. Waingereza walilipata kutoka Kilatini, Kilatini kikalipata kwa Wagiriki: talanton. Kwa Mgiriki lilikuwa mizani, kisha uzito unaopimwa, kisha fedha yenye uzito huo. Mtu wa siku za Yesu akisikia talanta hakumfikiria mpiga kinanda. Maana ya kipaji ilikuja Ulaya mwishoni mwa zama za kati, kwa sababu watu wa kanisa waliuchukua mfano wa Mathayo 25 wakaufanya fumbo la uwezo wa mtu. Yaani ni sisi wenyewe tulioligeuza! Leo hata Kiswahili cha Kenya kinasema talanta kikimaanisha kipaji, hadi uwanja mpya wa mpira Nairobi ulipewa jina hilo.

Sina ugomvi na uwanja. Ugomvi wangu ni na sisi tunaosimama madhabahuni na kuisoma maana ya juzi ndani ya neno la kale.

Fungua Mathayo 25 mstari wa 15. Bwana yule aligawa talanta akiangalia uwezo wa kila mtumishi. Soma polepole. Uwezo ulikuwepo kabla talanta hazijatolewa. Kama talanta ndiyo uwezo, basi aligawa uwezo kulingana na uwezo, na hapo tunazunguka tu. Nenda mstari wa 27: aliyefukia anaambiwa angewapa watu wa riba. Nani amewahi kuweka sauti ya soprano benki?

Ilikuwa pesa, tena nyingi. Talanta ya fedha ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja, ukisoma Mathayo 20, ni ujira wa kibarua kwa siku. Huyu wa talanta moja, tunayemhurumia kwamba alipewa kidogo, alikabidhiwa ujira wa karibu miaka 20. Tuseme mtu wa mjengo analipwa shilingi 700 kwa siku. Hiyo ni milioni 4.2. Akaichimbia shimo.

Mbona nakasirika juu ya neno? Kwa sababu maana hii laini imetuficha swali gumu. Bwana alirudi kufanya hesabu. Hesabu, mpendwa! Nimeona kijana wa timu ya sifa akikabidhiwa pesa za vyombo, miezi ikapita, na risiti zilipoulizwa wazee wakasema tusimkwaze, ana talanta. Nimemwona pia mama muuza omena akilia baada ya ibada kwamba Mungu hakumpa talanta, kwa vile hajui kuimba wala kushika maikrofoni. Mama huyo huyo ameshika pesa za kikundi cha akina mama miaka tisa, kwa daftari la shule na kalamu ya kuazima, na haijapotea shilingi. Aliyemfundisha kulia hivyo ni mimi. Nilihubiri "gundua talanta yako" mwaka baada ya mwaka, nikapigiwa makofi.

Utaniuliza, Pasta, kwani vipawa si vya Mungu? Ni vyake. Paulo amevipa sura nzima, 1 Wakorintho 12, na pale anatumia neno jingine kabisa, karisma. Vihubiri kutoka hapo. Na kama ungependa kuupanua mfano wa talanta ufike kwenye muda wako, sauti yako na elimu yako, panua, sikukatazi. Lakini anza na pesa, kwa sababu Yesu alianza na pesa. Mhubiri anayeruka hapo moja kwa moja hadi kwa kwaya, mimi nitamuuliza anakimbia nini.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, kitabu cha hesabu cha kanisa kitakuwa mezani pale mlangoni, pamoja na taarifa ya M-Pesa ya laini ya sadaka ninayoshika mimi. Mama wa omena ndiye atakayekaa kwenye hiyo meza. Njooni na miwani.