Kopo la vidonge si kipimo



Leo tunasema wazi. Harusi haijatimiza mwaka, mavyaa ameshaanza kumtazama mkwe tumbo. Biharusi anapelekwa kwa mkunga, kwa mganga, hospitali. Anapimwa damu, anapigwa picha, anakunywa mizizi ya kila aina. Na mume? Mume ananunuliwa kopo la vidonge. Limeandikwa antioksidanti: vitamini C, vitamini E, zinki, seleniamu. Muuzaji anaapa kuwa miezi mitatu haipiti bila habari njema.

Hoja yao ina chembe ya ukweli. Mwili hutoa kemikali zinazoweza kuharibu mbegu za kiume, na antioksidanti huzipunguza makali. Zipo tafiti ndogo zilizoonyesha nafuu, na hizo ndizo wauzaji wanazozishika. Lakini mwaka 2020 yalitoka Marekani majibu ya utafiti mkubwa wa wenza 2,370 waliokuwa wakitafuta mtoto. Nusu ya wanaume walipewa zinki na asidi ya foliki kila siku kwa miezi 6, nusu wakapewa kidonge kitupu. Waliopata mtoto ni asilimia 34 kwa waliomeza dawa, na asilimia 35 kwa wengine. Walichozidi waliomeza dawa ni maumivu ya tumbo na kichefuchefu. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa wanaume 171, waliopewa mchanganyiko wa antioksidanti, haukuona mbegu zikiwa bora kuliko za waliopewa kidonge kitupu.

Hasara si pesa tu, dada. Hasara ni muda. Mbegu huchukua kama miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo kila kopo linakula msimu mzima wa umri wako. Na huku tatizo lenyewe huenda ni mishipa iliyovimba kwenye korodani, maambukizi, njia iliyoziba, sigara, au sindano za kujaza misuli anazochoma gym, ambazo zinaweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu. Hayo hayafutwi na vitamini. Mengi yana tiba, lakini kwanza yajulikane.

Kwa hiyo tunadai jambo moja: mume apimwe mbegu mapema, pamoja na mke, si baada yake. Takriban nusu ya wenza wanaokosa mtoto, upande wa mwanamume nao una sehemu yake. Haya ikimzuia, aulize hospitali kama sampuli inaweza kutolewa nyumbani, kwa msaada wa mkewe, na kufikishwa maabara ndani ya saa moja.

Mtatuambia mtoto ni riziki. Naam, Mwenyezi Mungu humpa amtakaye, na tunaridhia. Lakini tumeamrishwa kutafuta tiba, na tumekatazwa ghishi katika biashara. Tena soma Surat Maryam. Nabii Zakaria, alayhi salaam, alipoinua mikono kuomba mtoto, alitaja kwanza mifupa yake iliyodhoofika na mvi za kichwa chake. Ndipo akamtaja mkewe. Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuona aibu kuanza na nafsi yake.

Waume zetu wanaona aibu ya nini?