Vinyoya Kanda ya Dhahabu: Lawama Zisizo Mahali Pake

Ukizungumza na vijana wanaocheza mpira wa vinyoya Shinyanga, Kahama au Geita, hutakosa kusikia sababu za kwa nini mchezo wao haupandi. Ukumbi hakuna. Upepo mwingi. Raketi mbovu. Vinyoya haviaminiki. Aliyezaliwa na mkono wa nguvu ndiye atakayefika, wengine wanapoteza muda. Baadhi ya maneno haya yana ukweli ndani yake, na nitausema. Lakini mengi yanapeleka lawama pasipohusika, na anayeumia ni kijana ambaye angecheza vizuri sana kwa miguu aliyonayo na kwa kiwanja cha vumbi kilichoko nyuma ya shule yake.

Dai linaloongoza ni hili: "Smashi ni nguvu, na vijana wetu wa maduarani nguvu wanazo." Nguvu wanazo kweli. Anayeshinda na sururu kwenye shimo la dhahabu ana mabega ambayo mchezaji wa mjini hana. Ila mtazame anapopiga smashi kwa mara ya kwanza. Ameikaba raketi kwa ngumi, kiwiko kimekakamaa, anaishusha yote kutoka begani. Ni pigo lile lile la sururu. Kinyoya kinaishia wavuni, au kinatoka polepole mpaka mpinzani anakisubiri.

Sababu iko kwenye uzito. Raketi ya kisasa haifiki gramu 100, na kinyoya chenyewe kina gramu 5 hivi. Kitu chepesi namna hiyo kinataka kasi ya kichwa cha raketi, na kasi hiyo haitoki begani peke yake. Inaanzia mguuni, inapita nyonga na bega, kiwiko kinatangulia, halafu kigasha kinazunguka ghafla mwishoni huku vidole vikikaza mpini katika nukta ile ile ya kugusa kinyoya. Kabla ya hapo vidole viwe vimelegea. Anayeshika kwa kukaza tangu mwanzo amekwishafunga kigasha chake, na nguvu zote za duarani zinabaki ndani ya mwili. Mwaka 2023, katika jaribio maalumu, Mhindi Satwiksairaj Rankireddy alipimwa smashi ya kilometa 565 kwa saa, na kasi kama hiyo haipatikani kwa kubana mpini.

Namna ya kulirekebisha pigo hilo haihitaji hata mpinzani. Shika mpini kwa namna ya kupeana mkono, simama mbele ya ukuta, kiwiko juu, na upige kinyoya ukutani kwa kuzungusha kigasha tu, bila bega. Mwanzoni kitakwenda kichovu. Endelea hadi sauti ibadilike, kutoka kukwaruza hadi mlio mkavu na mfupi. Sikio litakwambia kabla ya jicho.

Dai la pili ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu limewakatisha tamaa watu wasio na kosa: "Sisi hatuna shabaha, kila tukinyanyua kinyoya kinatoka nje." Mara nyingi shabaha haina tatizo. Shinyanga na Geita ziko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana jua ni kali. Hewa ya juu na yenye joto ni nyepesi, kwa hiyo haikizuii kinyoya kama hewa ya pwani inavyokizuia. Kinyoya kilichotulia Dar es Salaam kinaweza kuvuka mstari hapa kwa pigo lile lile, la mtu yule yule.

Ndiyo maana vinyoya huuzwa kwa kasi tofauti. Vya manyoya ya bata huandikwa namba kwenye kopo, kwa kawaida 75 hadi 79, na namba ndogo ndiyo ya polepole. Vya nailoni vina utepe wa rangi shingoni: kijani ni polepole, buluu ni wastani, nyekundu ni kasi. Ukanda wetu tunahitaji vya kijani, au vya 75 na 76. Duka likiwa na nyekundu tu, waambie walete vingine.

Tena usikubali maneno ya muuzaji wala yangu. Kipo kipimo kwenye sheria za mchezo. Simama kwenye mstari wa nyuma, piga kinyoya kwa mkono wa chini kwa nguvu zako zote, kiende juu na mbele, sambamba na mstari wa pembeni. Chenye kasi sahihi huanguka kati ya sentimeta 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kikipita hapo, ni cha kasi mno kwa mahali ulipo. Sheria zenyewe zinatambua jambo la mwinuko na hali ya hewa, na zinaruhusu vinyoya kurekebishwa kwa idhini ya chama cha taifa. Wachezaji wengi hukunja ncha za manyoya machache ili kupunguza kasi. Na kiangazi kinapokauka, manyoya hukatika upesi. Fungua kopo pande zote mbili, lipitishe juu ya mvuke wa birika kwa sekunde chache, lifunge na ulilaze usiku kucha. Asubuhi manyoya yatakuwa na unyevu wa kustahimili mapigo.

"Bila ukumbi hakuna vinyoya." Hapa ukweli upo: mashindano rasmi ya kimataifa ya mchezo huu wa kawaida huchezwa ndani, na upepo ni adui wa kitu cha gramu 5. Lakini kujifunza ni jambo lingine. Mwaka 2019 Shirikisho la Badminton la Dunia lilizindua huko Guangzhou, China, mchezo wa nje uitwao AirBadminton, wenye kinyoya chake kilichobuniwa kuhimili upepo mwepesi na kiwanja chake cha urefu wa meta 16. Vinyoya vyake ni vigumu kupatikana huku, nakubali. Wazo lake tunaweza kulitumia leo. Upepo huwa mdogo alfajiri na jua linapokaribia kuzama, na hizo ndizo saa za kucheza. Kiwanja cha kawaida ni meta 13.40 kwa 6.10, kinachorwa kwa chokaa. Wavu una urefu wa sentimeta 155 kwenye nguzo. Mirunda miwili na kipande cha wavu wa dagaa kilichoshonewa kitambaa cheupe juu vinatosha kabisa, kwa kuwa matundu yake hayapitishi kinyoya.

Upepo nao ufanye mwalimu. Ukivuma mgongoni kwako, usinyanyue; piga chini na kwa upole, maana kila cha juu kitachukuliwa nje. Ukikuvumia usoni, nyanyua bila hofu, utamsukuma mpinzani nyuma. Anayejua kusoma hivyo viwanjani Kahama, siku akiingia ukumbini atakuta kazi imepungua.

Sasa pumzi. "Kimbia kila asubuhi, pumzi ya kucheza itakuja yenyewe." Kukimbia kwenda uwanja wa Kambarage, Shinyanga, na kurudi si kubaya, kunajenga msingi. Ila pointi nyingi za mchezaji mmoja kwa mmoja huisha ndani ya sekunde 10 hivi, kisha yanafuata mapumziko marefu kuliko pointi yenyewe. Ndani ya sekunde hizo unaondoka, unasimama, unageuka, unapiga hatua ndefu, unarudi. Mkimbiaji wa barabarani hafanyi hata kimoja kati ya hivyo. Aliyetazama fainali ya Olimpiki ya Paris 2024, An Se-young wa Korea Kusini alipomshinda He Bingjiao wa China 21–13, 21–16, aliona mchezaji anayefika. Anafika mapema, anarudi, anafika tena, mpaka mwenzake anakosea.

Zoezi la hilo halina gharama. Mwenzako asimame upande wa pili wa wavu, akuoneshe kwa kidole moja ya kona sita: mbili za mbele, mbili za ubavuni, mbili za nyuma. Kabla hajaonesha, ruka kidogo na utue kwa miguu yote miwili, magoti yamelegea. Kuruka huko kudogo ndiko kunakokupa mwendo wa kwanza, na asiyeruka huondoka amechelewa kila mara. Nenda, piga hewa, rudi. Sekunde 20 kazi, 40 pumzika, rudia. Mbele ya wavu mguu wa mkono wa raketi ndio utangulie, kisigino kiguse kwanza, goti lielekee vidole vinakoelekea.

Raba za kukimbilia zenye soli nene na kisigino cha juu ziwe mbali na kiwanja, zinapindua kifundo cha mguu. Anayetoka shifti ya usiku mgodini naye asianze na kuruka. Mwili uliochoka hukata mshipa wa kisigino. Siku hiyo fanya sevu fupi na mapigo ya karibu na wavu, yanayotaka mkono tulivu.

"Mechi ndizo mazoezi." Hapana. Kwenye mechi utaikwepa bekihendi yako kila nafasi ikipatikana, na mwaka utaisha ikiwa vile vile. Gawa muda: kwanza pigo moja kwa kurudia, ndipo mechi, tena mechi yenye sharti, kwa mfano kila pointi ianze na sevu fupi.

Kuhusu raketi nitasema kwa ufupi. Ya bei nafuu yenye mpini na kichwa vilivyoungana sawasawa inafundisha mtu miaka. Nyuzi zisikazwe sana. Mvutano wa juu unataka mkono uliokwishajua, na kwa anayeanza unampa maumivu ya kiwiko.

Limebaki dai la kwamba huu ni mchezo wa Wahindi na wageni wa migodini. Edwin Ekiring wa Uganda, ng'ambo tu ya Ziwa Victoria, alicheza badminton kwenye Olimpiki ya Beijing 2008. Dhahabu mbili za kwanza za Indonesia kwenye Olimpiki, Barcelona 1992, za Susi Susanti na Alan Budikusuma, zilitoka kwenye mchezo huu, katika nchi ambako watu hufunga wavu uchochoroni. Na shirikisho la dunia lina mpango wa shule uitwao Shuttle Time, wenye masomo yaliyopangwa tayari kwa walimu, bila malipo. Mwalimu wa michezo wa sekondari ya kata hapa Geita anaweza kuuanza muhula ujao akiwa na raketi chache, kopo la vinyoya vya utepe wa kijani na mfuko wa chokaa.