Pistoni ya breki ikikwama, usiitoe kwa upepo

Leo nakuletea kisa kilichotokea huku kwetu Chaani. Jirani yangu alifungua breki ya mbele ya gari lake dogo, lakini pistoni ikakataa kutoka. Akaipeleka kalipa kwa kijana wa kuziba pancha, ikapigwa upepo wa kompresa, naye mwenyewe akaweka vidole mbele ili aidake. Pistoni ilitoka kama risasi! Bahati yake aliondoa mkono mapema. Ukuta ndio ulioumia.

Kalipa ni kile chuma kinachokumbatia diski ya gurudumu. Ndani yake mna pistoni inayosukumwa na mafuta ya breki ili pedi zibane diski. Ukiachilia pedali, ringi ya mpira huirudisha nyuma kidogo. Pistoni ikishika kutu hairudi. Utaona gari linavuta upande mmoja, gurudumu moja lina moto kuliko mengine, na pedi zake zinakwisha upesi.

Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi na unyevu. Nayo mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu huo. DOT 3 mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Hebu fikiri unateremka mlima wa Mazeras, watoto wako nyuma, na pedali inazama bure. Ndiyo maana inafaa kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili.

Kabla ya kuilaumu pistoni, inua gurudumu na ulegeze kidogo skrubu ya kutolea upepo. Gurudumu likiachia hapo hapo, huenda mpira wa breki umeziba ndani. Kagua pia pini ambazo kalipa huteleza juu yake, kwani nazo hukwama.

Ukihakikisha ni pistoni, itoe kwa nguvu ya breki yenyewe. Zuia magurudumu kwa mawe, kisha gari likae juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Fungua kalipa, toa pedi, lakini usiondoe mpira wa mafuta. Weka kipande cha mbao mbele ya pistoni na karai chini. Mwambie mwenzako akanyage pedali polepole, injini ikiwa imezimwa, huku chupa ya mafuta haiachwi ikauke. Mafuta husukuma kwa nguvu nyingi, lakini hayaruki kama upepo ulioshindiliwa. Pistoni itatoka taratibu. Vidole vikae mbali hata hivyo. Kama kalipa imeshafunguliwa kabisa, irudishe kwenye mpira wake ufanye vivyo hivyo.

Usiishike pistoni kwa koleo ubavuni, kwani mkwaruzo mmoja huvujisha mafuta. Ikishatoka, ipanguse na uitazame juani. Ukiona vishimo vya kutu mahali inapopita ringi, nunua nyingine; msasa hautazijaza. Toa ringi kuukuu kwa kijiti cha mbao, usafishe mfereji wake, kisha uweke ringi mpya pamoja na kifuniko chake cha vumbi. Paka mafuta safi ya breki tu. Petroli, dizeli na oili ya injini huivimbisha mipira hiyo ikaharibika. Pistoni irudi kwa kusukumwa na mkono, ikiwa imenyooka. Ikigoma, itoe uanze upya, usiipige nyundo.

Ukimaliza, toa upepo wote kwenye mfumo mpaka pedali iwe ngumu, kisha ulijaribu gari polepole mahali pasipo na watu. Kama hujawahi kutoa upepo wa breki, mwite fundi akague kabla hujapakia mtu. Hiyo si aibu. Redio ikikushinda utakosa muziki tu, lakini breki zikikushinda, hata yule anayevuka barabara ataumia.

Jirani yangu alinunua ringi mpya na pistoni mpya, tukaifunga pamoja Jumamosi moja jioni. Kompresa sasa anaitumia kwa magurudumu peke yake. Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.