Wenyeji na Washenzi: Tatizo la Kuifasiri Riwaya ya Ransome

Riwaya ya Arthur Ransome, Swallows and Amazons, iliyotoka mwaka 1930, inasimulia likizo ya watoto wanne wa akina Walker wanaosafiri kwa mashua katika ziwa la kaskazini mwa Uingereza na kupiga kambi kisiwani pasipo mtu mzima. Katika mchezo wao, watoto hao ni mabaharia wavumbuzi. Watu wazima kwa jumla, hata mama yao, huitwa kwa neno lile lile ambalo serikali ya kikoloni iliwaitia Waafrika. Nao wachoma makaa wa msituni huitwa washenzi.

Wako watakaosema kwamba huo ni mchezo tu. Kwa maoni yetu, hoja hiyo haitoshelezi, kwa kuwa mtoto huchezea kile alichorithishwa na jamii yake, na jamii hiyo ilikuwa ikitawala makoloni. Hata hivyo, atakayeitupa riwaya hii kwa sababu hiyo atakuwa amesoma majina na kuyaacha matendo. Hao "washenzi" ndio wanaotoa onyo kwamba Turner aifunge kwa kufuli mashua anamoishi. John anapompelekea habari, Turner, aliyemkasirikia kwa kosa asilolitenda, anamwita mwongo na kukataa kumsikiliza. Baadaye mashua inavunjwa, na sanduku lenye muswada wa kitabu chake linaibwa. Ujuzi, basi, umo kwa waliodharauliwa.

Hapa ndipo kazi ya mfasiri inapokuwa ngumu. Akiandika "wenyeji", Kiswahili kitaigeuza hadithi, kwani mwenyeji ndiye mwenye mji na ndiye anayekaribisha; watoto watakuwa wageni, na mgeni ana adabu zake. Akiandika "washenzi", atagusa historia yetu wenyewe, maana watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara hata kabla ya utawala wa Wazungu.

Tunapendekeza maneno yote mawili yatumike bila kulainishwa. La kwanza litaonyesha ni nani hasa mwenye nchi. La pili litamzuia msomaji wetu kudhani kwamba dharau ni mali ya Waingereza peke yao. Mfasiri akiyasafisha kwa nia njema, msomaji hatatambua kwamba waliodharauliwa ndio waliosema kweli.