Python au JavaScript? Wazazi, msikimbilie kulipa

Mjomba yuko Barking, kijana yuko Muscat, na baba anauliza kwa WhatsApp: alipie kozi ya lugha gani ya kompyuta? Jibu linarudi mara moja: Python, ndiyo inayoongoza.

Sawa, lakini inaongoza wapi? TIOBE, wanaohesabu kurasa zinazopatikana mtu anapotafuta mtandaoni, waliiweka Python namba moja Oktoba 2021. Stack Overflow huwauliza watengeneza programu wenyewe, na mwaka 2024 JavaScript ilipata asilimia 62, Python 51. Hakuna aliyedanganya hapo. Kila mmoja amepima kwa pishi lake. Na hakuna hata mmoja aliyehesabu nafasi za kazi Muscat.

Tena mjomba anasema anachokiona kwake. Shule nyingi za sekondari za Uingereza hufundisha Python, na wanawe wanaipata bila ada. Huku Ghuba ni riali za baba. Benki nyingi bado zinaendeshwa kwa Java, wengine hata COBOL ya 1959, bibi kizee anayelipwa vizuri!

Basi fungueni kwanza matangazo ya kazi ya Muscat na Dubai, mhesabu wenyewe. Python na JavaScript zote ni bure. Kijana ajaribu nyumbani mwezi mmoja kabla ada haijatoka.